Toleo la kwanza: sahihi tupu au maneno ya mwandishi?

Tununue kitabu chenye sahihi ya mwandishi pekee, au chenye maneno aliyomwandikia mtu kwa mkono wake? Mjadala huu hauishi miongoni mwetu wapenda vitabu wa Mombasa.

Kwa bei, sahihi tupu huuzika upesi. Maneno aliyoandikiwa mtu asiyejulikana mara nyingi huishusha thamani. Yakiwa kwa mwandishi mwenziwe au jamaa yake, bei hupaa.

Kwa uhakika kwamba mkono ni wa mwandishi mwenyewe, naegemea maneno. Sahihi moja ni rahisi kughushi. Mistari mitatu yenye tarehe, mahali na jina la rafiki hughushiwa kwa taabu, tena hukuonyesha kitabu kilipitia mikono ya nani. Shaaban Robert alifariki 1962. Nakala alizoziandikia kwa mkono wake haziongezeki tena, basi ushahidi wa aina hii ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Utunzaji ni mgumu kwa nakala za aina zote mbili. Unyevu wa bahari huleta kuvu na wino wa maji hutawanyika, hasa ukurasa ukijaa maandishi. Usiegemeze kabati kwenye ukuta wa nje.

Ukinunua ili uuze kesho, chukua sahihi tupu. Ukitaka kuwarithisha wanao, tafuta maneno, hata ya mtu usiyemjua.