Uzoefu wangu: kuandika XML kwa ElementTree ya Python

Kwa muda mrefu niliandika XML (muundo wa kupanga data kwa lebo) kwa kuunganisha vipande vya maandishi ndani ya programu, kisha naviweka kwenye faili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipoanza kutengeneza kamusi ndogo ya wanyama kwa watoto. Kila neno lilikuwa atributi (thamani iliyoandikwa ndani ya lebo) ya elementi yake, yaani kipande chake cha XML, nami nilizoea kuizungushia alama moja ya kunukuu ('). Zamu ya ng'ombe ilipofika, ritifaa ikaifunga atributi palepale kwenye "ng", na faili zima likakataa kusomeka. Lugha yetu imejaa ng', kwa hiyo kurekebisha neno mojamoja kusingenifikisha popote.

Nikahamia ElementTree, maktaba ya kuandika na kusoma XML, ambayo imo ndani ya lugha ya programu ya Python yenyewe tangu toleo la 2.5. Unaunda elementi kwa SubElement, unaiwekea atributi kwa set, mwisho unaita write. Atributi huzungushiwa alama mbili za kunukuu, hivyo ritifaa haina madhara tena; na alama za & na < hugeuzwa zenyewe kuwa & na <. Kwangu hilo peke yake linatosha kuipenda.

Lakini usiiite write hivihivi. Usipoitajia utf-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), herufi kama é hutoka kama é. Tamko la XML la mstari wa kwanza nalo liombe kwa xml_declaration=True. Na ukitaka faili linalosomeka kwa macho, si mstari mmoja mrefu kama reli, ita indent kwanza. Ilikuja na Python 3.9.

Kilichoniumiza zaidi ni namba. Niliweka idadi ya miguu, 4, kama namba tupu badala ya "4". Set ikaipokea kimya. Kosa likajitokeza wakati wa write, na hapo faili la zamani lilikuwa limeshafunguliwa na kufutwa. Nikabaki na nusu ya kamusi, imekatika katikati ya mnyama. Kazi ya jioni nzima ilipotea, na iliniuma kwelikweli.

Siku hizi kila thamani naipitisha kwenye str, inayoigeuza kuwa maandishi, kabla ya set. Halafu naandika kwenye faili la muda, nalisoma upya kwa parse, na likisomeka mpaka mwisho ndipo os.replace inaliweka mahali pa lile la zamani.