Duka la kubadilisha hela Kariakoo, reti safi ila joto

Jamani hawa nawapa nyota nne, reti wameandika ubaoni nje na ukifika dirishani ni ileile, hakuna longolongo, wanataka kitambulisho wanakupa risiti basi. Mnakumbuka 2019 BoT, yaani Benki Kuu, walivyofunga maduka kibao ya hivi mjini, tukabaki na mabenki na reti wanapanga wao! Ushindani ukipungua mteja ndo anaumia, waache soko lipumue bana. Ile kanuni ya Machi 2025 ya kuuziana kwa shilingi tu naielewa kiasi, ila shilingi hailindwi kwa faini, inalindwa kwa kutochapa noti hovyo, au nadanganya? Nyota moja nimekata, kiyoyozi kibovu na dola zilizochakaa hawagusi kabisa.