Jezi ya Celtic, Wanyama 67: tathmini baada ya mwaka wa kuivaa

Jezi hii niliipata Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kwa shilingi 1,500, baada ya mwuzaji kuanza na 2,500 nami kunyamaza kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ni jezi ya nyumbani ya Celtic, klabu ya Uskoti, ya msimu wa 2012/13, yenye mistari ya kijani na nyeupe iliyolala, na mgongoni imeandikwa jina la Mkenya Victor Wanyama, aliyekuwa kiungo mkabaji wao, namba 67.

Kitambaa chake ni chepesi, hukauka upesi hata msimu wa mvua, na rangi ya kijani haijapauka, ingawa nyeupe ya kwapani imeanza kuwa ya manjano. Mkato wake ni mwembamba, kwa hiyo mwenye kitambi kama changu achukue saizi moja juu ya ile aliyoizoea. Namba ndiyo yenye udhaifu: mguu wa tarakimu ya 7 ulibanduka kidogo siku nilipoupiga pasi moja kwa moja, kosa ambalo ni langu mwenyewe, na tangu hapo huigeuza ndani nje kabla ya kuifua. Kifuani pana tangazo la bia ya Tennent's, na anayemnunulia mtoto afahamu hivyo mapema. Kuhusu nakala za bandia, tazama nembo: msimu ule klabu ilikuwa ikiadhimisha miaka 125, ikavaa nembo maalumu ya kumbukumbu, ilhali jezi niliyoonyeshwa katika kibanda cha jirani ilikuwa na nembo ya kawaida.

Thamani yenyewe, hata hivyo, haiko kwenye uzi. Jezi zinazogombaniwa sokoni kwa kawaida ni za washambuliaji, kwa sababu kazi ya kiungo mkabaji ni kuziba njia, kumpokonya mtu mpira na kumpa mwenzake aliye karibu, mambo ambayo mtazamaji huyakumbuka pale tu yanapokosekana. Victor Wanyama aliifanya kazi hiyo tangu Germinal Beerschot ya Ubelgiji, kisha mwaka 2011 Celtic wakamnunua kwa takriban pauni 900,000. Aliichagua namba 67 kwa heshima ya kikosi cha klabu hiyo kilichotwaa Kombe la Ulaya mjini Lisbon mwaka 1967 kwa kuwafunga Inter Milan, klabu ile ile ambayo kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa nayo ilipotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010. Sijui nyumba nyingine ya Nairobi ambayo ingeweza kubishania fainali hiyo mezani.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, Celtic dhidi ya Barcelona katika Ligi ya Mabingwa. Barcelona walimiliki mpira karibu mchezo mzima, na kwa kiungo mkabaji hali hiyo ina maana ya kukimbia bila kuugusa, kuhama hatua mbili kushoto na mbili kulia ili pasi ya katikati isipite. Katika dakika ya 21 Charlie Mulgrew alipiga kona, Wanyama akaruka na kuupachika mpira wavuni kwa kichwa; Tony Watt akaongeza la pili, Messi akafunga moja mwishoni, na Celtic wakashinda 2-1. Goli hilo la Wanyama ndilo linaloipandisha bei jezi hii, nami sioni kosa kulilipia.

Lakini nikiulizwa ni wapi alicheza vizuri zaidi, sitaitaja Celtic. Southampton walimchukua mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na kocha Mauricio Pochettino, aliyemfundisha huko, akamwita tena Tottenham mwaka 2016. Katika msimu wa 2016/17 alicheza mechi 36 za ligi, na timu ikamaliza ya pili ikiwa imefungwa mabao 26 tu, machache kuliko klabu nyingine yoyote. Baadaye goti likamsumbua, nafasi ikapungua, ingawa kombora lake dhidi ya Liverpool pale Anfield mnamo Februari 2018 bado ninalitazama kwenye simu. Alihamia Montreal mwaka 2020, na mwaka 2025 akarudi Uskoti kwa muda mfupi, Dunfermline, chini ya Neil Lennon, aliyekuwa kocha wake Celtic na ambaye enzi zake alicheza nafasi hiyo hiyo.

Jezi ya Harambee Stars ingestahili kuwa ya kwanza kabatini, kwa kuwa aliivaa kama nahodha kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019 nchini Misri, ambako Kenya iliwafunga Tanzania 3-2. Kuipata ya miaka ile katika hali nzuri kumenishinda.

Kwa shilingi 1,500 ninaipendekeza, mradi namba iwe imeshika vizuri. Mwuzaji nimemwomba aniwekee ya Tottenham namba 12, ya msimu ule wa mabao 26, nasi tumekubaliana kwa shilingi 900, kwa maelezo yake kwamba hiyo haiulizwi na mtu.