Tahadhari: fremu za chuma zilizopasuka zinazibwa puti na kuuzwa kama nzima

Ndugu zangu mnaounda baiskeli wenyewe, kuna muuzaji wa fremu mtandaoni ambaye naomba mumkwepe. Anachukua fremu za chuma zilizogongwa na kupasuka, anazichomelea juujuu, anaziba kwa puti (udongo wa kujazia mashimo kabla ya kupaka rangi), anapiga rangi mpya, kisha kwenye tangazo anaandika "haijawahi kupata ajali". Mojawapo niko nayo mimi. Namshukuru Mungu niliigundua ikiwa bado imening'inia kwenye stendi, kabla sijaikalia.

Nilikuwa nimekusanya vipuri kwa miezi. Rimu za milimita 622 nilizisuka upya mwenyewe, spoki moja baada ya nyingine. Habu, yaani vitovu vya magurudumu, nilizifungua, nikabadilisha gololi na kutia grisi safi. Kilichobaki ni fremu tu. Tangazo lake lilikuwa na vipimo vyote nilivyovitafuta: posti ya kiti ya milimita 27.2, nafasi ya habu ya nyuma milimita 130. Picha zilikuwa sita, na zote zilipigwa upande wa kulia, upande wa cheni. Hakuna hata moja iliyoonyesha fremu kwa chini. Niliona, nikapita, kwa sababu rangi iling'aa na hamu ilikuwa imenishika.

Kuhusu malipo, alisema nikipitia kwenye mfumo wa soko lenyewe makato yatamuumiza, basi nimtumie kama mtu anayemtumia ndugu yake. Nikatuma. Malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Fremu ilifika imefungwa vizuri sana. Shida ilianza kwenye vikombe vya beringi za krenki, vilikataa kuingia. Bomba la krenki, yaani lile la chini ya fremu linalobeba ekseli ya pedali, likiwa na hesi (mikato ya skrubu) za Kiingereza lina upana wa milimita 68, na upande wa kulia kikombe hufungwa kwa kuzungusha kinyume. Hilo nalijua, kwa hiyo sikulazimisha. Nilipomulika tochi nikakuta rangi imejaa kwenye meno ya hesi. Mtu anayejua kazi huziba hesi kabla ya kupuliza rangi, au huzisafisha baadaye. Nikageuza fremu kutafuta namba yake chini ya krenki, nikakuta imefunikwa na rangi nzito hadi haisomeki. Hapo moyo ukaanza kwenda mbio, maana namba isiyosomeka inaweza pia kuwa na maana kwamba fremu ni ya wizi.

Nikachukua sumaku ndogo, dhaifu, nikaizungushia kitambaa laini isikwaruze, nikaipitisha juu ya kila bomba. Ilishika kote. Nilipofika upande wa chini wa bomba la chini, lile linalotoka shingoni kwenda kwenye krenki, vidole vitatu nyuma ya shingo (bomba fupi la mbele linaloshika uma), ikadondoka. Sumaku haishiki puti. Nikakwangua kwa wembe, puti ikatoka vipande vipande, na chini yake ufa uliozunguka karibu nusu ya bomba, wenye madoa ya weldi yaliyosagwa kwa mashine ili yawe sawa na chuma.

Ufa haukukaa hapo kwa bahati mbaya. Baiskeli ikigonga kitu uso kwa uso, uma husukumwa nyuma, shingo nayo hufuata, na bomba la chini hukunjika pale pale nyuma yake. Mabomba ya fremu nyepesi ya chuma ni membamba, mara nyingi hayafiki unene wa milimita 1 katikati, kwa hiyo weldi ya kubahatisha huyaunguza na kuyadhoofisha zaidi. Bomba hilo likikatika kwenye mteremko, gurudumu la mbele na usukani havikutii tena, na breki haikusaidii kitu. Ndiyo maana hasira yangu haiishii kwenye fedha. Mtu huyu alikuwa tayari mimi nianguke.

Nilithibitisha pia kwa uzi. Nilifunga uzi pale inapokaa ekseli ya nyuma upande mmoja, nikauzungusha kwenye shingo, nikaurudisha upande wa pili, kisha nikapima umbali kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vinatakiwa kulingana. Kwangu vilipishana kwa milimita 6.

Nilipomwandikia, jibu la kwanza lilikuwa: "Kaka, hao ni wasafirishaji." Ufa uliopakwa puti na rangi juu yake hauwezi kutokea njiani, nikamwambia hivyo. Akahamia kwenye ahadi ya kunibadilishia, akanitumia picha za fremu nyingine. Nilizitafuta kwa njia ya kutafuta picha, nikazikuta kwenye tangazo la zamani la mtu mwingine kabisa. Nilipomuuliza akanifungia.

Kabla hujamtumia mtu yeyote fedha ya fremu, omba picha ya chini ya shingo, ya namba, na ya hesi za krenki bila vikombe. Muuzaji mwenye fremu nzima, picha hizo hazimsumbui. Stika zilizobandikwa juu ya rangi mpya nazo zitazame kwa makini. Sumaku inasaidia kwenye chuma tu. Fremu ya alumini iliyochomelewa baada ya kupasuka usiiguse kabisa, kwa kuwa alumini ya aina ya 6061 hupoteza ugumu wake karibu na weldi, na bila kupashwa joto upya kitaalamu ugumu huo haurudi. Kwenye kaboni, gongagonga taratibu kwa sarafu na usikilize. Mlio ukififia ghafla sehemu moja, simama hapo.

Wiki hii nimeona tangazo jipya, akaunti nyingine, maneno yale yale neno kwa neno, fremu ya bluu, picha sita za upande wa kulia. Kama umeshanunua fremu ya maelezo haya na unaiendesha, iweke chini leo hii na upitishe sumaku nyuma ya shingo kabla hujaipanda tena.