Rafu ya Ayalandi: Nunua vya Kisiwani, Viache vya Picha

Ukiingia kwenye duka hili la vitabu vya mitumba mjini Galway, usipoteze muda kwenye meza ya mbele. Pale kuna vitabu vikubwa vya picha: kasri, kondoo, machweo. Hivyo ni vya mtalii anayewahi basi. Nenda nyuma kabisa, kwenye rafu za mambo ya Ayalandi, ambako historia, riwaya, mashairi na vijitabu vya parokia vimesongamana bila mpangilio. Mimi hupenda hivyo hivyo. Unatafuta kimoja, unatoka na vitatu.

Cha kuanza nacho ni An tOileánach (yaani Mtu wa Kisiwani) cha Tomás Ó Criomhthain, kilichotoka mwaka 1929. Mwandishi alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Great Blasket, pwani ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi. Anasimulia samaki, sili, mabaki ya meli zilizovunjika, mahari na matanga, tena bila kujililia: watoto wanakufa, anasema maneno machache, kesho yake yuko baharini. Kisiwa chenyewe kilihamwa mwaka 1953. Kitabu kipo cha Kiayalandi na kipo cha tafsiri ya Kiingereza, yuro 6 kila kimoja, bei imeandikwa kwa penseli ndani ya jalada.

Pembeni yake utakuta nakala chungu nzima za Peig, maisha ya Peig Sayers wa kisiwa hicho hicho, aliyemsimulia mwanawe naye akaandika. Kilisomeshwa shuleni miaka mingi, na wanafunzi hawakukipenda, ushahidi uko pambizoni. Nakala niliyoishika, bibi wa watu kwenye picha kachorewa masharubu na miwani kwa wino wa buluu. Kinasomeka vizuri zaidi ukiwa mtu mzima usiye na mtihani.

Kuhusu baa la njaa lililoanza mwaka 1845, lililoua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kiasi hicho, chukua The Great Hunger cha Cecil Woodham-Smith, cha mwaka 1962. Wanahistoria wamekikosoa kwa hasira zake dhidi ya serikali ya Uingereza, iliyotawala Ayalandi wakati huo. Kwangu mimi hasira hizo zina haki yake. Ugonjwa wa viazi ulitoka kwa Mungu, lakini nafaka kusafirishwa nje watu wakifa ni mambo ya binadamu.

Riwaya ni chache. The Country Girls cha Edna O'Brien, kilichopigwa marufuku Ayalandi kilipotoka mwaka 1960, nacho leo kinauzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Kwa James Joyce, anza na Dubliners, hadithi zake fupi. Ulysses, riwaya yake ndefu na ngumu, itakusubiri, haina haraka. Mashairi ya Seamus Heaney yako bei juu, hapo sikugusa.

Lawama yangu ni moja. Tim Robinson, Mwingereza aliyehamia visiwa vya Aran akavichorea ramani, aliandika Stones of Aran juzuu mbili: ya kwanza inazunguka ufuko wa kisiwa kikubwa kati ya hivyo, ya pili inaingia ndani. Duka lina ya pili tu, na wanaiuza kana kwamba imekamilika, hakuna hata kikaratasi cha kumtahadharisha mteja. Nilipouliza, kijana wa kaunta akaniandika jina kwenye daftari, ya kwanza ikipatikana wanipigie.

Kadi wanapokea. Mfuko njoo nao.