TAHADHARI: Kuna tapeli wa "mbwa wa kuongoza wasioona" hapa Mwanza, msimpe hata mia

Ndugu zangu wa Mwanza, Magu, Sengerema mpaka Ukerewe, kama nyumbani kwenu kuna mtu asiyeona, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna mwanaume anazunguka mji huu akijiita mwalimu wa mbwa. Ametupiga milioni moja na laki mbili, na mdogo wangu sasa hivi ana nyuzi mguuni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikirukaruka.

Mdogo wangu haoni, na habari za macho yake wengi mnazijua, sirudii. Nianzie Furahisha, maana pale uwanjani ndipo alipotumaliza.

Alitaka tufike asubuhi kabla jua halijawa kali. Tukamkuta na German Shepherd mkubwa, manyoya yamechanwa yanang'aa, kavalishwa kizibao cha rangi ya chungwa chenye maandishi ya Kiingereza, na kifuani mkanda wenye mpini mgumu kama ule wa kwenye video za Ulaya. Yeye mwenyewe shati limepigwa pasi, filimbi shingoni. Akamwinamia mama, akamsalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Mama akalegea palepale, akaanza kumwita mwanangu. Kisha jamaa akajifunga kitambaa cheusi machoni mbele yetu, akaniambia nihakikishe. Nikahakikisha, nikapitisha kidole ukingoni mwa kitambaa. Akashika mpini kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauweka mfukoni, akasema "twende".

Mbwa akatoka. Kulikuwa na matairi na viti vya plastiki vimepangwa njiani. Akavizunguka kimoja kimoja, hakugusa hata kimoja. Walipofika ukingoni mwa barabara mbwa akasimama. Daladala ikapita, bodaboda zikapita, mbwa kasimama tu. Njia ilipokuwa nyeupe akavuka. Watu waliojaa pale wakapiga makofi. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, amesimama kweli?" Nikamwambia amesimama. Akanibana mkono kwa nguvu mpaka leo nausikia. Tangu apate ule ugonjwa wa macho hajawahi kutembea mji huu bila mkono wa mtu au kugongana na pikipiki zilizopakiwa juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mama alikuwa analia.

Sasa nani angekataa pale? Msiniambie "mngeuliza". Tuliuliza sana. Jamaa alisema kasomea Morogoro, na wote tunajua Morogoro, pale chuo cha kilimo SUA, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, panya aliyefundishwa hapahapa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Panya! Mtu akikwambia mbwa anaweza kumvusha mtu barabara utabisha vipi? Na mbwa wa namna hiyo wapo kweli duniani, Wajerumani walifungua shule ya kuwafundisha tangu 1916 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Jamaa hakututungia kitu kisichokuwepo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Alikuwa na mkataba wenye mhuri, kadi ya chanjo, na kitambulisho cha mbwa chenye picha na stika ya dhahabu, kimeandikwa eti kasajiliwa kimataifa.

Tukatoa laki saba ya kutangulia. Hela ya kikoba cha mama, hela ya dagaa ya shemeji pale Mwaloni, na michango ya baadhi yenu mnaosoma hapa. Laki tano tukamalizia siku ya kuletewa mbwa.

Aliyeletwa siyo yule. Mdogo zaidi, mwembamba, sikio moja limelala. Jamaa akasema yule wa uwanjani ni wa maonyesho, huyu ni ndugu yake wa tumbo moja, mafunzo ni yaleyale. Akakaa robo saa, akamwonyesha mdogo wangu namna ya kushika mpini, akamwambia kuanzia leo fimbo nyeupe aiache nyumbani kwa sababu inamchanganya mbwa. Akasema ukimtajia Soko Kuu anakupeleka mwenyewe, na kwenye taa za barabarani anajua nyekundu na kijani. Kisha akasema ana safari ya Bukoba, akaondoka.

Mdogo wangu akatoka naye kwenda kazini. Pale Mabatini kuna mama anauza supu asubuhi, anatupa mifupa nyuma ya banda. Mbwa alisikia harufu akachomoka mbio. Mdogo wangu kashikilia mpini kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akavutwa mpaka ndani ya mtaro ulio wazi. Ukingo wa zege ulimchana mguu kuanzia chini ya goti. Kitu ambacho hakimtoki hadi leo siyo maumivu, ni kwamba watu walicheka kwanza. Walidhani kalewa. Alikuwa amekaa kwenye maji machafu, suruali imechanika, anauliza mbwa yuko wapi, maana aliogopa asije akagongwa na gari.

Nilimpigia jamaa nikiwa hospitali. Hakusema hata pole. Akasema hamjamzoea mbwa, ongezeni laki tatu ya mafunzo ya awamu ya pili. Nilipoanza kufoka akakata. Tangu hapo simu haipatikani. Nyumba ya Buswelu aliyotuonyesha kuwa ndiyo kituo chake, mwenye nyumba anasema alipanga chumba tu na kaondoka usiku bila kulipa kodi. Na yule mbwa mkubwa ni mbwa wa ulinzi wa mtu mwingine, alikodishwa kwa siku moja. Kijana aliyepanga viti pale uwanjani ndiye aliyetuambia mfukoni kulikuwa na nini: dagaa wakavu. Mbwa alikuwa anafuata ule mkono, mkono ukisimama naye anasimama. Na kitambaa chenyewe jamaa alikuwa anaona kupitia chini, kwenye pua.

Tulimpeleka huyu mbwa mdogo kwa daktari wa mifugo. Akamfunua mdomo, akatazama meno, akasema huyu hata mwaka hajafikisha. Kadi inaonyesha kachanjwa kichaa cha mbwa miaka miwili iliyopita! Tukamchanja upya. Yupo hapa nyumbani, hana kosa lolote.

Haya, dalili. Mdogo wangu ana rafiki, mwalimu asiyeona, ndiye aliyetufafanulia, nami nikasoma zaidi. Mbwa wa kweli wa kuongoza huchukua karibu miaka miwili. Analelewa kwanza kwenye familia mpaka apite mwaka, ndipo anaanza mafunzo yenyewe kwa miezi kadhaa, na wengi hawafaulu. Baada ya hapo mtu na mbwa wake hufundishwa pamoja kwa wiki kadhaa, kwa kulinganisha mwendo na nguvu zao. Siyo robo saa. Halafu mbwa hajui njia ya kwenda sokoni wala hasomi taa. Njia anaijua mtu mwenyewe, anasikiliza magari yeye, anatoa amri yeye; mbwa anakwepa vizuizi, anasimama kwenye kingo na mashimo, na amri ikiwa ya hatari anakataa kuitii. Anayekwambia mbwa wake anafanya yote hayo mwenyewe ni mwongo. Hata hivyo vitambulisho vya usajili, Wizara ya Sheria ya Marekani, nchi yenye mbwa hawa kwa maelfu, imesema wazi kwamba vyeti vinavyouzwa mtandaoni havithibitishi chochote. Na vyuo vingi vya huko humpa asiyeona mbwa bure au kwa hela kidogo sana, vinaendeshwa kwa michango. Jina lililotokea wakati wa kutuma hela pia halikuwa lake, akasema ni la mkewe. Na uwanjani hakumruhusu mdogo wangu ashike mpini hata hatua moja, eti mbwa bado hajamzoea.

Lakini mimi nataka huyu mtu akamatwe. RB ya polisi tunayo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, siyo deni la kuelewana kwenye kikao cha ukoo, kwa hiyo wale walionipigia kuniambia tusamehe yaishe, sisamehi na hayaishi. Mtu anayemnyang'anya asiyeona fimbo yake na kumpeleka barabarani na mtoto wa mbwa ambaye hajafundishwa, huyo angeweza kumuua. Afungwe, na hela ya kikoba irudi shilingi kwa shilingi.

Ni mrefu, mweusi, ana kovu kwenye nyusi ya kulia, anaongea Kisukuma safi na hupenda kusalimia wazee kwanza. Nasikia kaonekana Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, anavuka na kurudi. Akikupigia au kukutumia meseji, itume namba yake kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usimjibu. Kama nawe ulishamlipa, hata kama ni elfu hamsini, njoo inbox tuunganishe majalada, mpelelezi anasema tukiwa wengi kesi inakuwa nzito. Na wewe mwenye picha zake za ile siku Furahisha, najua mlipiga nyingi, nitumie leo.