TAHADHARI: Wanaokufailia ritani halafu wanabaki na iTax yako

Wadau, Juni ikielekea ukingoni watu hujazana saiba (maduka ya intaneti) kuwahi tarehe 30, siku ya mwisho ya kufaili ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa iTax, na hapo ndipo matapeli huvuna. Mtaani kwetu kuna jamaa mwenye meza chini ya mwavuli, bango lake linasema ritani za KRA ni shilingi 200. Jina siweki hapa. Ujanja wake mtaupata kwingine pia.

Binamu yangu ameajiriwa, na siku hiyo alibeba P9 yake, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa kwa mwaka. Jamaa hakuitazama hata. Aliomba PIN (nambari yake ya ushuru) na nenosiri, akabonyezabonyeza, muda si muda risiti ikatoka kwenye printa, dada wa watu akaenda zake ametulia. Kumbe amefailiwa ritani ya sufuri, ile ya mtu asiye na mapato yoyote! Na mwajiri wake hupeleka PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, kila mwezi, kabla ya tarehe 9 kupita, kwa PIN hiyohiyo. KRA wanaona mshahara upande huu na sufuri upande ule, na wa kuulizwa ni mwenye PIN, si mwenye mwavuli.

Kilichoniudhi zaidi ni barua pepe. Jamaa aliiondoa ya binamu kwenye akaunti akaweka yake. Binamu alipopata kazi mpya akaambiwa alete cheti cha kutimiza ushuru, nenosiri likakataa, na akiomba jipya linatumwa kwa anwani asiyoijua. Kumpigia jamaa simu, anadai 1,500 za "kufungua akaunti". Halafu, eti una faini ya 2,000, nitumie nikulipie. Watu huingia hapo kwa sababu faini ya kuchelewa ipo kweli: kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Lakini pesa ya KRA haitumwi kwa simu ya mtu. Mfumo hutoa hati ya malipo yenye nambari ya PRN, nawe unailipia mwenyewe.

Kufaili kwenye iTax ni bure. Ukilazimika kwenda saiba, keti kando yake, nenosiri andika wewe, na kabla ya kuinuka fungua wasifu wako uhakikishe barua pepe na nambari ya simu ni zako. Umeajiriwa na anamaliza bila kugusa tarakimu za P9? Mwambie asimamishe hapo hapo. Ritani ya sufuri ni halali kwa mwanafunzi au asiye na kazi, basi.

Kama tayari umenaswa, usimtumie hata shilingi. Beba kitambulisho halisi uende dawati la KRA pale Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali), uombe barua pepe irudishwe yako. Kisha faili ritani ya marekebisho kwa P9. Binamu alifanya hivyo, na zile 1,500 jamaa bado anazidai kwa meseji.